Tuzo za vikapu zisigawanywe kwa kimo

Msimu wa michezo ya shule unapowadia hapa Emali, aghalabu timu ya mpira wa vikapu huundwa kwa kuwatazama wanafunzi urefu. Warefu hupelekwa chini ya kikapu na kuitwa masenta. Wafupi hukabidhiwa mpira na kuitwa magadi. Wa wastani huwa mafowadi. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, ilhali mwanafunzi hubaki na jina alilopewa hadi amalize shule.

Sina ugomvi na majina yenyewe. Kocha hana budi kujua ni nani atakayeuleta mpira na ni nani atakayewania ribaundi. Ninachokipinga ni desturi ya kuyatumia majina hayo kugawia tuzo. Mashindano yanapokamilika hutangazwa gadi bora, fowadi bora na senta bora. Mwanafunzi aliyecheza kote kwa sababu timu yake ilikuwa na wachezaji saba pekee huenda mikono mitupu, maana hakuna ajuaye amwandike wapi.

Ligi ya NBA kule Marekani ilisumbuliwa na jambo hili kwa miaka mingi. Kikosi bora cha mwaka kilikuwa lazima kiwe na magadi wawili, mafowadi wawili na senta mmoja. Mwaka 2021 na 2022, Nikola Jokić alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na Joel Embiid wa Cameroon akawa wa pili katika kura hizo. Hata hivyo, Embiid aliwekwa katika kikosi cha pili. Kosa lake? Wote wawili walikuwa masenta. Mwaka 2023 mambo yakageuka: Embiid akashinda tuzo, na Jokić, aliyekuwa wa pili, akashushwa. Kwa miaka mitatu mfululizo, mtu wa pili kwa ubora katika ligi nzima hakuhesabiwa miongoni mwa watano bora!

Wala si heshima tu iliyopotea. Mikataba minono ya ligi hiyo hutegemea vikosi hivyo. Mwaka 2021 Jayson Tatum aliachwa nje ya vikosi vyote vitatu, ingawa alikuwa na alama nyingi kuliko gadi mmoja aliyeingia, na jambo hilo lilimkosesha zaidi ya dola milioni 30. Tangu msimu wa 2023-24, wapigaji kura huchagua wachezaji bora bila kujali nafasi zao uwanjani.

Wapo watakaosema kwamba tukiondoa nafasi, tuzo zote zitawaendea wafungaji, na yule anayezuia mashuti chini ya kikapu atasahaulika. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali nusu. Lakini tiba yake ni kuitunuku kazi iliyofanywa. Msimu wa 2024-25 Jokić, senta mwenye umbo la baunsa wa mlangoni, alipata wastani wa zaidi ya pasi kumi za kufungisha kwa kila mechi. Ukimtazama kwa macho ya zamani utahesabu ribaundi zake na kuzipuuza pasi hizo, kwa kuwa eti pasi ni kazi ya gadi.

Kwetu sisi walimu, jambo linaloniumiza zaidi ni ukuaji wa mtoto. Anthony Davis alikuwa gadi alipoanza sekondari mjini Chicago, kisha akarefuka takriban sentimita 20 kabla ya kwenda chuoni. Ustadi wa mpira alioupata akiwa mfupi ndio uliomfanya awe tofauti na majitu mengine. Je, mvulana wa Kidato cha Pili aliyewatangulia wenzake kurefuka, akazuiwa kupiga chenga kwa kuwa yeye ni senta, atafanya nini wenzake watakapomfikia kimo? Na msichana mfupi ambaye hajawahi kufundishwa kujipanga kwa ribaundi?

Hapa petu, ambapo barabara ya Mombasa hukutana na ile iendayo Loitokitok, watoto wa Kikamba na wa Kimaasai huketi darasa moja. Nimewahi kumsikia mwalimu akimwambia kijana wa Kimaasai akae chini ya kikapu kwa sababu "nyinyi ni warefu". Kijana mwenyewe hakuwa mrefu hivyo. Hapo nafasi imekoma kuwa habari ya mchezo na imekuwa kabila.

Kutengeneza haya hakuhitaji fedha. Mwanafunzi mmoja mwenye penseli na daftari la mistari anaweza kuketi kando ya uwanja na kuandika, mbele ya kila jina, vikapu, ribaundi, pasi za kufungisha, mipira iliyopokonywa na mashuti yaliyozuiwa. Nafasi iandikwe pia, hata mbili au tatu kwa mchezaji mmoja, na ibadilishwe mechi kwa mechi. Mfadhili aliyekwisha kununua vikombe vitatu asivirudishe dukani: kimoja apewe aliyeongoza kwa ribaundi, cha pili aliyeongoza kwa pasi, na cha tatu apewe yule ambaye makocha wa timu pinzani watakubaliana kwamba aliwasumbua kuliko wote, awe na kimo chochote.