"Chanya" katika Matriksi za Polinomia: Neno Moja, Dhana Tatu

Katika mijadala ya uundaji wa istilahi za Kiswahili, hisabati ya juu huwekwa kando kwa hoja kwamba taaluma hiyo hujieleza kwa alama, wala haihitaji maneno. Hoja hiyo haina mashiko. Nadharia ya matriksi ambazo vipengele vyake ni polinomia inadhihirisha kuwa neno likilegea, tokeo lililothibitishwa hugeuka uongo.

Neno linalohusika ni "chanya". Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyefundishwa hisabati kwa Kiingereza, namba chanya ni ile iliyo kubwa kuliko sifuri. Kwa Mswahili wa Kongo aliyefundishwa kwa Kifaransa, neno linalolingana nalo huijumuisha sifuri yenyewe. Hivyo wasomaji wawili wa lugha moja husoma sentensi moja na kuelewa mambo mawili.

Katika matriksi tatizo huongezeka. Matriksi yenye safu mlalo (1, 2) na (2, 1) ina vipengele vyote vikubwa kuliko sifuri, lakini umbo lake, yaani u² + 4uv + v², hutoa −2 pale u = 1 na v = −1. Kinyume chake, matriksi yenye safu (1, −1) na (−1, 1) ina vipengele hasi, ilhali umbo lake ni (u − v)², ambalo kamwe haliwi hasi. Ipi kati ya hizo iitwe "chanya"? Alama A ≥ 0 haisaidii, kwani vitabu huitumia kwa dhana zote mbili.

Lichukuliwe tokeo linalojulikana: kila matriksi linganifu ya polinomia za kigeu kimoja, ambayo umbo lake haliwi hasi kwa thamani yoyote halisi ya kigeu hicho, ni jumla ya miraba. Likiandikwa kwa ufupi kuwa "matriksi chanya ni jumla ya miraba", atakayetazama vipengele atalipinga mara moja kwa matriksi ya kwanza hapo juu. Naye atakayeiondoa sifuri ataiacha nje matriksi yenye safu (1, x) na (x, x²), ambayo umbo lake, (u + xv)², ni mraba mtupu lakini huwa sifuri kila u inapokuwa −xv.

Wala haifai kukwepa ugumu huu kwa kufasili uchanya kuwa ni jumla ya miraba. Mwaka 1888 David Hilbert alithibitisha kuwa zipo polinomia zisizo hasi ambazo si jumla ya miraba ya polinomia. Mfano bayana ulichapishwa na Theodore Motzkin mwaka 1967: x⁴y² + x²y⁴ + 1 − 3x²y². Emil Artin alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1927, kuwa polinomia isiyo hasi huwa jumla ya miraba iwapo zitaruhusiwa sehemu zenye polinomia katika kiasi na asili. Mwaka 1974 Danielle Gondard na Paulo Ribenboim walilipanua tokeo hilo hadi kwenye matriksi. Taaluma nzima imejengwa juu ya pengo lililoko kati ya kutokuwa hasi na kuwa jumla ya miraba. Istilahi inayoliziba pengo hilo huifuta taaluma yenyewe.

Inapendekezwa, basi, "chanya" ibaki kwa kilicho kikubwa kuliko sifuri. "Isiyo hasi" itumike sifuri inapojumuishwa. Na kwa matriksi itajwe daima kama ni "yenye vipengele visivyo hasi" au "yenye umbo lisilo hasi". Watakaodai kuwa mafungu haya ya maneno ni marefu wana haki, kwa maana ufupi ni sifa ya istilahi bora. Hata hivyo, ufupi hauna budi kuutii usahihi.

Kiswahili hakijashindwa na hisabati hii, kwani maneno yote yaliyohitajika hapa kimo nayo au kimeyakopa bila taabu. Kilichokosekana ni makubaliano, na hayo si kazi ya wanahisabati peke yao. Ni wajibu wa wanaisimu pia, tena kabla mazoea hayajaota mizizi.