Tuache Kuandika Mifumo ya Hosteli

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kitandililo, nimekaa barazani na laptopu ya mtumba, skrini nyeusi imejaa maandishi meupe. Bibi akapita na debe la viazi, akasimama. "Mjukuu wangu, hiki kitu kimeharibika?" Nikamwambia hapana, bibi, ndiyo kwanza kinawaka.

Kilichokuwa kinawaka ni GNU/Hurd ya biti 64. Wengi wetu hata jina hatujalisikia. Ni mfumo endeshi huria ulioanza kuandikwa mwaka 1990, mwaka mmoja kabla ya Linux. Kerneli yake, GNU Mach, ni ndogo: inagawa kumbukumbu, inapanga zamu za prosesa, inapitisha ujumbe. Mafaili, mtandao na mengine mengi ni programu za kawaida tu zinazotumiana ujumbe huo.

Sasa, mfumo huu ulizaliwa enzi za biti 32. Prosesa za x86 za biti 64 ziliingia sokoni mwaka 2003, lakini Debian GNU/Hurd ya biti 64 imetoka Agosti 2025. Miaka 22! Na darasani tunaambiwa kerneli ndogo ni rahisi kuihamishia prosesa mpya, kwa sababu sehemu inayogusa chuma ni kidogo.

Sisi wa Makambako tunapitiwa na TAZARA. Upana wa reli yake ni milimita 1,067, wakati Reli ya Kati ya zamani ni 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa halipiti. Mzigo lazima uhamishwe Kidatu. Kwenye Hurd shida ni ya namna hiyo hiyo. Ujumbe ulipangwa kwa kuamini kwamba anwani ya kumbukumbu ni baiti 4. Kwenye biti 64 ni baiti 8. Kwa hiyo kubadilisha kerneli peke yake hakutoshi: mpangilio wa ujumbe unabadilika, na kila programu iliyoficha anwani ndani ya namba ya baiti 4 inabidi itafutwe na kurekebishwa. Hilo sikulipata kwenye kipindi chochote. Nimelipata barazani, kwa bando la usiku.

Na si mchezo wa kujifurahisha. Saa ya biti 32 inayohesabu sekunde tangu 1970 itajaa tarehe 19 Januari 2038. Wengi wetu tutakuwa makazini bado.

Nikaenda kwa msimamizi na wazo: projekti yangu ya mwaka wa mwisho iwe kurekebisha hitilafu moja ya Hurd kwenye biti 64. Akaniuliza watumiaji ni akina nani, na skrini ya kuingilia iko wapi. Likakataliwa. Sasa ninaandika mfumo wa kusimamia hosteli, wa tatu darasani kwetu mwaka huu.

Nakubali, Hurd haina watumiaji wengi, na hakuna ofisi ya kata itakayoifunga kesho. Lakini hiyo mifumo ya hosteli inatumiwa na nani? Inakufa siku ya presentesheni. Ukirekebisha programu huria, msimbo wako unasomwa mstari kwa mstari na mtu asiyekujua, asiye na haja ya kukuonea huruma, na ukikubaliwa unabaki mle na jina lako.

Kisingizio cha vifaa nacho hakipo. QEMU inaiga mashine ambayo huna, bure. Kazi ya kuipeleka Hurd kwenye ARM bado inaendelea, na huhitaji kusubiri bumu ununue bodi. Wala hatuanzii sifuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Wale walitafsiri kinachoonekana juu. Sisi tuingie ndani.

Naomba wizara ya elimu ya serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hili idarani kabla fomu za projekti za mwaka ujao hazijafunguliwa: urekebishaji wa programu huria iliyopo uhesabiwe kuwa projekti halali, na maksi zitokane na mabadiliko yenyewe. Wa mwaka wa tatu mna muda bado. Mimi nina skrini ya kuingilia ya kumaliza kabla ya Ijumaa.