Maji ya Mlimani Yang'aa, Lakini Je, ni Salama?

Shule zinapofungwa familia nyingi za mjini hufunga safari kwenda mashambani kuwajulia hali wazee. Kwa wenyeji wa Cheptais, katika Kaunti ya Bungoma, safari hiyo huishia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, penye baridi, kahawa, vitunguu na maji ya chemichemi yanayong'aa kama kioo. Mtoto akifika na kiu hupewa kikombe. Nani atakataa?

Hapo ndipo penye mtihani. Viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara havionekani kwa macho. Chemichemi iliyo wazi huingiwa kwa urahisi na kinyesi cha watu na mifugo, hasa mvua inaponyesha.

Hata ikijengewa kwa saruji, kazi haijaisha. Huko Busia, jirani na Bungoma, watafiti walichunguza chemichemi za namna hiyo. Miongoni mwao alikuwa Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba uchafu wa kinyesi kwenye chemichemi ulipungua kwa thuluthi mbili hivi, na kuhara kwa watoto kwa takriban robo. Lakini maji ya majumbani hayakuwa safi kiasi hicho. Maji huchafuka tena njiani na nyumbani: mtungi haukuoshwa, kata iliachwa sakafuni, mkono mchafu ulitumbukizwa.

Klorini hufaa kwa sababu hubaki ndani ya maji ikiendelea kuyalinda. Mji wa Lincoln, Uingereza, uliitumia mwaka 1905 kupambana na homa ya matumbo. Wala si uganga. Umeme ukipitishwa kwenye maji ya chumvi, klorini hupatikana. Mabwawa ya kuogelea ya maji ya chumvi, yale ya nyumba za wenye nacho, hutakaswa kwa njia iyo hiyo.

Kwenye bwawa au kwenye mtungi, siri ni vipimo. Dawa ikipungua, viini hubaki. Ikizidi, watoto huyakataa maji kwa harufu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza klorini isiyopungua nusu miligramu kwa kila lita ibaki baada ya dakika 30. Wewe huhitaji maabara. Fanya hivi:

Kwanza, maji yenye matope yachuje kwa kitambaa safi, kwa kuwa uchafu hula dawa.

Pili, nunua dawa ya maji ya kunywa na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usikadirie kwa macho. Iweke mbali na jua na joto, maana hupoteza nguvu.

Tatu, tikisa kisha usubiri nusu saa. Maji yakiwa baridi sana, kama yalivyo mlimani asubuhi, ngoja saa nzima.

Nne, yahifadhi katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko.

Tahadhari! Klorini ya unga ya mabwawa ni kali mno. Usiitie kwenye mtungi wa kunywa. Dawa ya kufulia yenye manukato pia haifai. Na usichanganye klorini na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi ya sumu.

Klorini nayo ina kikomo chake. Vipo vijidudu vya kuharisha visivyoisikia dawa hiyo. Kwa mtoto mchanga au mgonjwa, chemsha maji mpaka yatokote sawasawa.

Limebaki jambo moja zito: nyanya. Ameyanywa maji hayo tangu utoto, na ukitoa chupa yako ya dawa mbele ya kikombe chake, ataona umemdharau. Usianze kwa kumhubiria. Ipeleke chupa pamoja na sukari na majani chai, kama zawadi. Mweleze kwamba maji yake hayana lawama, ila safari ya kutoka chemichemini ni ndefu. Kisha mtilie dawa mtungi wake kwanza, msubiri pamoja, nawe unywe kikombe cha kwanza mbele ya wajukuu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.