Kura Moja, Tikiti ya Nani?

Mwanafunzi wangu, ukifika mpakani Busia na shilingi za Uganda ukitaka za Kenya, mbadilisha fedha huzihesabu mbele ya macho yako, nawe huzihesabu tena kabla hujaondoka. Hakuna anayekasirika. Mbona basi viongozi wa michezo huona wametukanwa wakidaiwa hesabu?

Tazama sataranji. Katika shirikisho la dunia la mchezo huo, FIDE, kila nchi ina kura moja. Ya Uganda ina uzito sawa na ya Urusi. Ni utaratibu wa heshima, lakini umeigeuza kura ya shirikisho maskini kuwa bidhaa. Mwaka 2014 Garry Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia, aligombea urais dhidi ya Kirsan Ilyumzhinov, aliyekalia kiti hicho tangu 1995. Kasparov alihubiri usafi. Kumbe palikuwa na mkataba, nao ukavuja: dola 500,000 kwa chuo cha sataranji cha Ignatius Leong huko Singapore, naye Leong, aliyekuwa katibu mkuu wa FIDE wakati huohuo, amtafutie kura za Asia. Kasparov alijitetea kuwa fedha hizo zilikuwa za kukuza mchezo. Alishindwa kwa kura 61 dhidi ya 110, na mwaka 2015 Tume ya Maadili ya FIDE ikawafungia wote wawili miaka miwili. (Mshindi naye, mwaka huohuo, aliwekewa vikwazo na Marekani.)

Huo ndio mgongano wa maslahi. Neno “mgongano” hupotosha kidogo, kwa kuwa husikii kishindo chochote: maslahi mawili hukaa kimya ndani ya mfuko mmoja.

Usiniambie mambo haya ni ya Ulaya. Mjumbe wetu naye hupanda ndege kwenda kupiga kura, na tikiti hiyo ina aliyeilipia. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kwa hiyo liandikie Baraza la Taifa la Michezo, kwa Kiswahili fasaha, uulize: shirikisho lilipewa shilingi ngapi za umma? Nani alilipa safari ya mjumbe? Je, yupo kiongozi anayeliuzia shirikisho lake mwenyewe mbao, saa au vyumba vya hoteli? Niletee rasimu kwanza nikusahihishie sarufi, maswali usiyapunguze.