Deni la Waumini kwa Mwanzilishi

Kila usharika wa Kikristo una mtu aliyeuanzisha, na kila usharika hufikia siku ya kujiuliza mtu huyo anadaiwa nini. Swali hili si la wanatheolojia peke yao. Linawahusu maofisa wa Serikali wanaopokea maombi ya kuandikisha makanisa, na wala si geni kwa wananchi wa Visiwani, kama tutakavyoonyesha.

Kisarawe inatupa mfano ulio bora, kwa kuwa mambo yake yamekwisha kupoa na yanaweza kutazamwa bila hasira. Mmisionari wa Kijerumani, Johann Jakob Greiner, aliwasili Dar es Salaam mwaka 1887, akaonja misukosuko ya vita vya Bushiri mwaka 1889, kisha mwaka 1892 akafungua kituo cha Kilutheri katika vilima vya Kisarawe. Miongoni mwa watu wa mwanzo wa kituo hicho walikuwamo watumwa waliokombolewa, na watoto pia. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtu asiye na ukoo wala shamba, aliyepewa na misheni pa kulala, chakula na jina la ubatizo, angethubutu kumwambia nini mchungaji aliyemkosea? Utii wake haukuwa wa imani tupu. Ulikuwa pia utii wa mpangaji kwa mwenye nyumba. Wasimuliaji wengi wa habari za misheni hulipita upesi jambo hili.

Hata hivyo, mwaka 1903 chama kilichomtuma Greiner kilikabidhi kazi ya Uzaramo kwa Misheni ya Berlin. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza na Wajerumani wakaondolewa. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 yakajirudia yale yale. Nyakati zote mbili ibada, mafundisho na maziko vilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Usharika haukufa, na mwaka 1963 sharika za Uzaramo zikawamo katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lililoundwa mwaka huo. Lau nyumba ya ibada na kiwanja chake vingalikuwa mali ya Greiner binafsi, sijui wangalisali wapi.

Msomaji wa Unguja anayo kumbukumbu yake mwenyewe. Askofu Frank Weston aliiongoza Dayosisi ya Zanzibar tangu 1908 hadi kufa kwake mwaka 1924, na ni wachache waliopendwa kama yeye. Dayosisi haikuzikwa naye. Mwaka uliofuata Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani kwenda Minaki, katika wilaya hiyo hiyo ya Kisarawe. Na Mwislamu wa Visiwani hahitaji kufundishwa na Mkristo katika hili: anajua kuwa msimamizi wa wakfu hata akiutumikia msikiti miaka hamsini, mali ile haiwi yake, wala wanawe hawairithi.

Ugumu wa zama zetu ni kwamba makanisa mengi mapya hayakuanzishwa na chama, bali na mtu mmoja, ambaye ndiye mhubiri, mweka hazina na mwenye jina katika hati ya kiwanja. Anayemhoji huambiwa anampinga Mungu. Tumeona neno la mwanzilishi likigeuka sheria huko Kanungu, Uganda, Machi 2000, na huko Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Hayo ni mambo ya kupindukia, twakubali, na si haki kumpima kila mchungaji kwa kipimo cha Paul Mackenzie.

Tena ipo dhuluma ya upande wa pili, isiyosemwa sana. Mchungaji aliyeanza chini ya mwembe, akatumia ujana wake wote bila mshahara wala akiba ya uzeeni, hufukuzwa na kamati ya vijana aliowabatiza yeye. Huyo anadaiwa nyumba, matibabu na heshima mpaka kaburini, na deni hilo ni la usharika mzima. Hadaiwi ukimya wao, wala ufunguo wa sanduku la sadaka.

Kwa upande wa Serikali, Bara ipo Sheria ya Vyama, Sura ya 337, na ile ya Wadhamini, Sura ya 318. Zanzibar ipo sheria yake ya kuandikisha vyama. Hatutaki ofisa apime mafundisho ya mtu. Tunachotaka ni asome katiba aliyoletewa na kuuliza: nani awezaye kumwondoa mwanzilishi, fedha hutolewa kwa saini za wangapi, na kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Katiba isiyojibu hayo irudishwe kwa waombaji kabla ya muhuri kugongwa.