Baba Njeri, Belfast iache kwanza

Jumamosi iliyopita niliitwa chai kwa jirani yangu Mama Njeri hapa Umoja, nami nikadhani ni mambo ya chama. Kumbe sivyo. Mahali pa sahani ya mandazi palikuwa pametandazwa ramani ya Ireland kubwa kama shuka la mtoto, na juu yake Baba Njeri alikuwa amechora mstari mwekundu uliozunguka kisiwa chote na kurudi ulikoanzia.

Njeri, kifungua mimba wao, ni muuguzi mjini Galway. Huu ni mwaka wa 4 tangu wazazi wake wamsindikize uwanja wa ndege, na tangu hapo hawajamwona ila kwenye simu. Sasa amepata likizo ya siku 9 mwezi wa Juni na kuwaalika. Ndipo Baba Njeri akaamua kwamba siku hizo 9 zitamtosha kuona Dublin, Belfast, Derry, Donegal, Sligo, Galway, Killarney, Cork na Waterford, kila usiku mji mwingine, kwa gari la kukodi.

"Kisiwa kizima hakifiki hata robo ya Kenya," akaniambia. "Mimi nimepeleka lori Malaba miaka 22. Wewe mtu wa magazeti, niambie kilomita 200 ni nini?"

Mpenzi msomaji, hapo ndipo wasafiri wengi hunaswa. Ni kweli Kenya ni karibu mara 7 ya kisiwa hicho. Ni kweli pia kwamba kutoka Dublin hadi Galway ni kilomita 210 hivi, na kwa barabara kuu ambayo mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa, utafika kwa saa mbili na nusu. Lakini uzuri wa Ireland hauko kwenye barabara hizo. Uko pwani ya magharibi na kwenye vijia vya mashambani, vilivyobanwa na kuta za mawe na ua wa miti pande zote mbili, vingine na nyasi zimeota katikati. Mkikutana na trekta, mmoja wenu anarudi nyuma. Tangu Februari 2025 mwendo wa juu kwenye barabara ndogo za mashambani umeshushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa, na mara nyingi hata hiyo 60 hutaifikia.

Mfano ni mzunguko wa Kerry, karibu na Killarney. Una kilomita 179 tu. Baba Njeri aliutengea asubuhi moja. Ukisimama kutazama bahari, ukanywa chai, ukafuata basi la watalii lisilopitika, siku nzima imekwisha. Wenye kuujua husema mabasi huuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, hivyo mwenye gari dogo achague: ayafuate nyuma, au akutane nayo uso kwa uso penye kona.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kilichonishtua kwenye ule mstari mwekundu ni Belfast.

Kisiwa ni kimoja lakini nchi ni mbili. Tangu kilipogawanywa mwaka 1921, kaunti 6 za kaskazini, Belfast na Derry zikiwamo, ziko chini ya Uingereza. Baada ya mkataba wa amani wa Aprili 1998, vizuizi vya wanajeshi viliondolewa na leo hakuna lango wala askari wa kugonga muhuri. Utajua umevuka kwa sababu vibao vya mwendo vimeacha kilomita na kuanza maili, na duka linataka pauni badala ya yuro. Nani asingedhani njia iko wazi?

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya haiko wazi. Viza ya Ireland haikuruhusu kuingia kaskazini; huko unahitaji viza ya Uingereza, yenye maombi yake na ada yake. Isitoshe, kama viza yako ya Ireland ni ya kuingia mara moja, ukishavuka umeitumia, na kurudi kusini ni kosa la pili. Kukosekana kwa lango si kukosekana kwa sheria, na maafisa hupanda mabasi yanayopita mpakani kukagua vyeti. (Viza ya Schengen nayo haikusaidii, kwani Ireland haimo katika mpango huo.)

Mama Njeri akauliza swali ambalo mumewe hakuwa ameliwaza. "Na Njeri je? Yeye si ana kadi ya kukaa huko?"

Kadi ya Njeri ni ya kukaa Ireland. Yeye pia, maadamu ana pasipoti yetu, hawezi kuvuka bila viza ya Uingereza. Na yeye ndiye mwenye kibarua huko, ndiye ambaye kila anapoomba upya kibali chake hutakiwa awe na rekodi safi. Wazazi wangerudi Umoja na picha zao za Belfast. Njeri angebaki na maswali.

Baba Njeri aliweka kalamu chini. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alitaka kuona mahali ilipoundwa meli ya Titanic. Alisimuliwa habari zake akiwa mtoto na padri mmoja wa Ireland aliyewafundisha Kiambu, naye hajazisahau.

Basi nikamwonyesha Cobh, mji mdogo wa bandari kando ya Cork, uliokuwa ukiitwa Queenstown. Titanic iliundwa Belfast, lakini hapo Cobh ndipo ilipotia nanga mara ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912, ikachukua abiria 123 na kuelekea Marekani. Siku 4 baadaye ilikuwa chini ya bahari. Hapo hahitaji viza ya pili.

Donegal nayo tuliifuta. Si kwamba ni mbaya, wanaoijua huisifu sana, lakini barabara ya moja kwa moja kutoka Letterkenny hadi Dublin hukatiza kaskazini kupitia Omagh. Kuikwepa ni kushuka hadi Sligo kwanza, na siku hizo hazipo.

Tukachora upya, safari hii kwa penseli. Usiku 2 Dublin bila gari, kwani maegesho ya jijini ni ghali na mtu aliyetoka kwenye ndege (hakuna ya moja kwa moja kutoka Nairobi) hafai kushika usukani. Njeri atawapokea huko. Siku ya 3 wachukue gari, wapite Kilkenny kuona ngome yake na Cashel kuona magofu yaliyo juu ya mwamba, kisha walale Cork usiku 2. Halafu Killarney usiku 2, na hapo wachague mzunguko wa Kerry au rasi ya Dingle, si vyote viwili.

Kutoka Killarney kwenda Galway ramani humshawishi mtu kuzunguka kupitia Limerick. Afadhali ashike njia ya Tarbert apande feri ya kuvuka mto Shannon. Ni dakika 20 hivi, gari likiwa ndani na wewe umesimama nje ukipigwa na upepo, kama Likoni ila bila msukumano. Ukishuka Killimer uko Kaunti ya Clare, na mbele yako ni majabali ya Moher, ambayo kilele chake kiko mita 214 juu ya bahari. Jioni hiyo hiyo wanaingia Galway. Kiangazi jua la huko huzama saa nne za usiku. Mama Njeri hakuniamini hadi alipompigia bintiye simu. Mwenye kwenda Desemba ahesabu vingine: mwanga ni kama saa saba na nusu tu.

Usiku 2 wa mwisho hawalali hotelini. Wanalala kwa Njeri. Katika mpango wa kwanza, Galway ilikuwa imepewa usiku mmoja na saa mbili za kuzunguka madukani. Hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba wangekaa sebuleni kwa binti yao wakala chakula alichopika.

Sasa ya gari. Huko huendeshwa kushoto kama kwetu, na mgeni anaruhusiwa kutumia leseni yake ya Kenya. Mkaaji ndiye hufanya mtihani upya, kama alivyofanya Njeri. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na baadhi hukataa wazee waliopita umri fulani, hivyo Baba Njeri mwenye miaka 68 aulize mapema. Ulizeni pia ni kiasi gani mtalipa wenyewe gari likikwaruzwa, maana zile kuta za mawe hazina huruma. Gari la gia za mkono aghalabu ni nafuu kuliko la otomatiki.

Vibao vya barabarani vina lugha mbili, Kiingereza na Kiayalandi. Lakini rasi ya Dingle ina sehemu zinazotumia Kiayalandi kitupu, na Dingle yenyewe kwa Kiayalandi ni Daingean Uí Chúis. Ukiona Géill Slí, mpishe mwenzako.

Siku ya kurudi, barabara ya M50 inayozunguka Dublin haina kibanda cha kulipia. Kamera husoma nambari ya gari, na ada hulipwa kabla ya saa mbili usiku ya siku inayofuata. Wakati huo wao watakuwa angani, kwa hiyo hilo ni jukumu la Njeri.

Hayo yote ni penseli mpaka viza itoke. Idara ya uhamiaji ya huko yenyewe hushauri mtu asinunue tikiti kabla ya kupata jibu. Waliandaa barua ya mwaliko, taarifa za benki na mpango wa safari, ule mpya.

Jana nilikutana na Mama Njeri akitoka Gikomba na makoti mawili ya mvua ndani ya mfuko, akilalamikia bei. Nikamuuliza mzee anaendeleaje. Akasema ameibandika ramani ukutani, na mstari mwekundu ameufuta wote isipokuwa ule wa Belfast.