Tunaibania taa, tunalisamehe birika

Miongoni mwa mambo yanayonishangaza katika nyumba zetu ni jinsi tunavyoibania taa ilhali birika tunalisamehe. Mtoto akiisahau taa ikiwaka sebuleni hugombezwa na kila mkubwa aliyepo. Mkubwa yuyo huyo atalijaza birika la umeme pomoni ili apate kikombe kimoja cha chai, na hapana atakayenena neno.

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyepanga chumba nje ya chuo, alinieleza kwamba mwenye nyumba amewakataza wapangaji kuwasha taa baada ya saa nne za usiku, kwa kuwa gharama ya umeme imo katika kodi. Kijana huyo alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Nilimwomba tufanye hesabu. Taa ya kisasa ya LED, yenye wati 9, ikiwaka kwa saa tano hutumia wati 45 kwa saa, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini ya uniti moja. (Uniti, kama inavyojulikana na kila anunuaye tokeni, ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja.) Pasi ya wati 1,000 inapopata moto humaliza kiasi hicho hicho katika muda usiotimia dakika tatu. Almuradi usiku mzima wa kusoma ulikuwa ukinyimwa mtu kwa ajili ya umeme usiotosha kunyosha shati na suruali.

Birika nalo ndilo kinara. La wati 2,000, likijazwa na kuchemshwa kwa dakika tano, hula takriban sehemu moja ya sita ya uniti. Taa ile ya wati 9 ingewaka kwa zaidi ya saa 18 kwa umeme huo. Ukitia maji ya vikombe viwili tu, utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya gharama hiyo bila kujinyima chai.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: chombo kinachofanya kazi ya kutoa joto ndicho mlaji mkubwa. Birika, pasi, hita ya kuogea na koili ya kupikia zimo katika kundi hilo. Redio, simu na taa za LED hazimo. Hapo kale, balbu za wati 60 zilipokuwa kila chumba, kulikuwa na sababu ya kuzifuata nyuma kwa kelele. Nyingi ya wati hizo zilikuwa joto, si mwanga. Balbu zimebadilika, mazoea hayajabadilika.

Kwa nini basi hesabu hii haijaingia majumbani? Mimi ni mwanaisimu, na yamkini msomaji atasema kwamba kila fundi huona tatizo linalolingana na nyundo yake. Hata hivyo, hapana budi niseme. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kukokotoa kilowati kwa saa, tena hukokotoa vyema, lakini hufanya hivyo kwa Kiingereza, na mita ya kwao hajapata kuitazama. Anayepika, kufua na kupiga pasi aghalabu ni mama yake au msaidizi wa nyumbani, na vijitabu vinavyoandamana na vyombo hivyo huwa vimeandikwa kwa lugha ile ile ya darasani. Tokeni zikiisha katikati ya mwezi, msaidizi ndiye anayelaumiwa. Amelaumiwa kwa hesabu ambayo hakuna aliyemweleza.

Wala si kwamba lugha imetushinda. Waswahili wa awali waliita stima ile meli iendayo kwa mvuke. Wakenya wakalichukua neno hilo wakaliita umeme, nalo likatulia kana kwamba lilizaliwa nalo. Wati, uniti, mita na tokeni zinatamkwa sokoni kila siku. Kinachokosekana ni maelezo.

Jikoni mambo ni hayo hayo, hata pasipo umeme. Jiko la makaa lililovikwa udongo ndani, ambalo mafundi wa jua kali walianza kulieneza nchini mapema miaka ya 1980, huokoa makaa kwa sababu udongo huzuia joto lisipotee ubavuni. Lakini ni wangapi wanaofunika sufuria? Maji yakishachemka, moto ukizidishwa hayaongezeki joto, huongezeka mvuke tu. Na hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndipo maharagwe yakakawia kuiva kuliko Mombasa. Kuyaroweka usiku kucha ni akiba ambayo haigharimu hata senti.

Kanuni za mwaka 2016 zinataka baadhi ya vyombo, majokofu yakiwemo, vibandikwe alama za nyota kuonyesha kiwango cha matumizi ya kawi. Ni jambo jema, ila nyota zisizofafanuliwa hugeuka pambo.

Ningewaomba walimu wajaribu zoezi moja. Mwanafunzi asome mita ya kwao Ijumaa jioni na Jumapili jioni, aandike kila chombo kilichowashwa na kwa muda gani, kisha amsomee aliyekiwasha matokeo hayo kwa Kiswahili. Insha hiyo na isahihishwe na walimu wawili, wa fizikia na wa Kiswahili.